Spironolaktoni au amiloridi? Dawa mbili, mlango mmoja wa figo

Mgonjwa wa presha anameza amlodipini, losartani na hidroklorothiazidi, dozi kamili, haruki siku, na bado mashine inasoma 164 kwa 98. Hiyo ndiyo inaitwa presha sugu. Hapo swali la dawa ya nne linakuja, na mara nyingi jibu linatoka kabla swali halijaisha: spironolaktoni. Mara nyingi jibu hilo ni sahihi. Lakini kuna amiloridi, ambayo nayo imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na watu wanaipita kama hawaioni. Zote mbili hufunga mlango uleule wa sodiamu mwishoni mwa mrija wa figo. Namna zinavyoufunga ndiyo inayotofautiana, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani apewe ipi.

Makala hii ni ya wanafunzi wa udaktari na famasia, wauguzi na maofisa tabibu, pamoja na mgonjwa anayetaka kujua kwa nini ameandikiwa hii na si ile. Si ya kumfanya mtu aende duka la dawa akajinunulie. Potasiamu ikipanda kimyakimya inasimamisha moyo, na dawa hizi zote mbili zinaipandisha.

Mlango wenyewe na wanaouamuru

Figo za mtu mzima huchuja kama lita 180 za majimaji ya damu kwa siku, na karibu yote hurudishwa. Kama theluthi mbili ya sodiamu inarudi mwanzoni mwa mrija, na kama robo inarudi kwenye kitanzi cha Henle, ambako furosemidi, dawa ya kukojoza, inafanya kazi. Thiazidi zinafanya kazi mbele kidogo ya hapo. Dawa hizo hazigusi milango ya ioni. Zinazuia protini zinazobeba sodiamu na kloridi kwa pamoja. Mkojo unapofika kwenye mrija mkusanyaji, sodiamu iliyobaki ni asilimia chache tu. Ni katika asilimia hizo chache mwili unaamua leo ubaki na chumvi kiasi gani.

Mlango wa hapo unaitwa ENaC. Umejengwa kwa vipande vitatu, alfa, beta na gama, ambavyo kundi la Cecilia Canessa na Bernard Rossier kule Lausanne, Uswisi, lilivieleza mwaka 1993 na 1994. Umekaa kwenye utando wa seli upande unaotazama mkojo. Sodiamu inaingia kwa hapo, kisha pampu iliyo upande wa pili wa seli inaisukuma kwenye damu, na maji yanafuata. Sodiamu ina chaji chanya, kwa hiyo ikiondoka inauacha mkojo na chaji hasi. Chaji hasi hiyo inaivuta potasiamu itoke ndani ya seli kupitia mlango mwingine, ROMK. Ukiufunga ENaC, basi, chumvi inakojolewa na potasiamu inabaki mwilini. Faida na hatari za dawa zote mbili zinaanzia hapo.

Sasa, nani anauamuru ENaC? Hapa inafaa kusogea karibu, maana uchaguzi wote unategemea jambo hili.

Milango hii haidumu juu ya utando. Kuna protini inayoitwa Nedd4-2 ambayo kazi yake ni kuishika ENaC kwenye mkia unaoning'inia ndani ya seli na kuibandika ubikwitini, alama inayoiambia seli kwamba mlango huu uvutwe ndani ukavunjwe. Mwili ukipungukiwa chumvi au damu, au potasiamu ikipanda, tezi za adrenali zilizo juu ya figo hutoa aldosteroni. Homoni hiyo inaingia ndani ya seli, inakutana na kipokezi chake, na kwa pamoja huenda kwenye kiini cha seli kuwasha jeni. Mojawapo ya jeni zinazowaka mapema ni ya SGK1, kimeng'enya kinachoipachika Nedd4-2 fosfeti. Nedd4-2 iliyopachikwa fosfeti inakamatwa na protini nyingine, inashindwa kuufikia mkia wa ENaC, na milango inazidi kujaa juu ya utando. Saa zinavyosonga seli huanza pia kutengeneza milango mipya.

Aldosteroni si mwamuru pekee, na hili husahaulika. Vimeng'enya kama furini na prostasini hukata vipande vya alfa na gama na kuuacha mlango ukifunguka kwa urahisi zaidi. Kwenye ugonjwa wa figo unaovujisha protini nyingi, plasminojeni, protini ya damu, huponyoka na kuingia kwenye mkojo, inageuzwa kuwa plasmini, na plasmini nayo inaukata ENaC. Kuna pia hali ambayo mlango wenyewe una hitilafu ya kuzaliwa, kwa hiyo haungoji amri ya yeyote.

Moja inazuia amri, nyingine inaziba tundu

Spironolaktoni haiugusi ENaC kabisa. Inakalia kipokezi cha aldosteroni ndani ya seli, homoni inakosa pa kukaa, SGK1 haiwashwi, na Nedd4-2 inarudi kazini. Milango iliyopo inapungua kidogo kidogo. Ndiyo maana dawa hii haina haraka: kazi yake kwenye mkojo huchukua siku mbili tatu kuonekana sawasawa, na kwenye presha inaweza kuchukua wiki kadhaa. Anayepimwa kesho yake na kuambiwa dawa haifanyi kazi ameonewa.

Amiloridi haijali amri imetoka wapi. Ni molekuli yenye chaji chanya, inakuja na mkojo wenyewe, inajichomeka kwenye tundu la ENaC kutoka nje na kuliziba. Ndani ya saa mbili imeanza kazi. Kipokezi cha aldosteroni hakihusiki hata kidogo.

Kwa kuziweka bega kwa bega:

| | Spironolaktoni | Amiloridi |
|---|---|---|
| Inapofanya kazi | Kipokezi cha aldosteroni, ndani ya seli | Tundu la ENaC, upande wa mkojo |
| Kuanza | Siku mbili hadi tatu, presha hata wiki | Saa mbili |
| Dozi ya kawaida kwa presha sugu | Miligramu 25 hadi 50 kwa siku | Miligramu 5 hadi 20 kwa siku |
| Inavyotoka mwilini | Ini huibadili kwanza, na mazao yake hudumu muda mrefu | Figo huitoa ilivyo, bila kubadilishwa |
| Homoni za uzazi | Inaziingilia | Haizigusi |
| Potasiamu | Inapanda | Inapanda |

Safu ya ini na figo ina uzito kuliko inavyoonekana. Mgonjwa ambaye figo zake zimechoka atairundika amiloridi mwilini, kwa kuwa haina njia nyingine ya kutokea. Spironolaktoni nayo haipewi holela kwa mgonjwa huyo, lakini sababu yake ni potasiamu zaidi kuliko mrundikano wa dawa yenyewe.

Moyo uliochoka na maji ya tumboni: hapa hakuna ubishi

Kama tatizo ni moyo kushindwa kusukuma damu, chagua spironolaktoni na usipoteze muda. Utafiti wa RALES uliochapishwa mwaka 1999 uliwafuatilia wagonjwa 1,663 wenye moyo uliochoka sana, na waliopewa spironolaktoni walipungukiwa na hatari ya kufa kwa asilimia 30. Faida hiyo haitokani na mkojo peke yake. Kipokezi cha aldosteroni kipo pia kwenye moyo na mishipa, ambako homoni hiyo huchochea makovu. Kuziba tundu la ENaC kwenye figo hakuwezi kuufikia moyo. Amiloridi haina ushahidi wa namna hiyo, na kumpa mgonjwa wa moyo amiloridi kwa sababu tu spironolaktoni haikupatikana ni kumnyima dawa.

Maji ya tumboni yanayoletwa na ini lenye makovu yanafuata mkondo huohuo. Wagonjwa hao huwa na aldosteroni nyingi mno kwenye damu, kwa hiyo kuizuia ndiko kunakofaa: miligramu 100 kwa siku, mara nyingi pamoja na furosemidi miligramu 40, zikipandishwa polepole hadi 400 kwa 160. Amiloridi huingia hapa kama mbadala, miligramu 10 hadi 40, pale mwanamume anapolalamika matiti yanauma. Ni mbadala dhaifu, lakini ni mbadala.

Na kama adrenali zenyewe zinatoa aldosteroni kupita kiasi, ugonjwa uliopewa jina la Conn, mantiki haibadiliki. Amri ndiyo tatizo, zuia amri. Asiyeivumilia spironolaktoni hupewa eplerenoni, dawa nyingine ya kuzuia kipokezi hichohicho, na eplerenoni isipopatikana hupewa amiloridi.

Pale amiloridi inaposhinda waziwazi

Mwaka 1963 Grant Liddle wa Nashville, Marekani, alieleza familia yenye presha kali na potasiamu ya chini. Kila dalili ilisema aldosteroni imezidi. Ilipopimwa ilikuwa karibu haipo. Spironolaktoni haikuwasaidia, triamtereni, dawa ya ukoo wa amiloridi, iliwasaidia. Mgonjwa wa kwanza wa familia hiyo alikuja kuishiwa na figo, akapandikizwa nyingine mwaka 1989, na hitilafu ikaondoka, ikionyesha kwamba chanzo kilikuwa ndani ya figo. Mwaka 1994 ikajulikana ni nini: mkia wa kipande cha beta umekatika, na mahali ambapo Nedd4-2 hushikia hapapo tena. Milango inabaki juu ya utando, imefunguka, aldosteroni iwepo isiwepo. Kumpa mtu huyo spironolaktoni ni kuzuia amri ambayo hakuna aliyeitoa.

Ugonjwa wa Liddle ni adimu, tusidanganyane. Nimeueleza kwa kirefu kwa sababu hakuna ugonjwa mwingine unaozitenganisha dawa hizi mbili kwa usafi namna hii.

Mwingine ni mtumiaji wa lithiamu kwa ugonjwa wa akili ambaye anakojoa mfululizo mchana na usiku. Lithiamu inapita kwenye ENaC kama sodiamu, inajaa ndani ya seli za mrija mkusanyaji na kuzifanya zisiisikie homoni inayozuia mkojo mwingi. Amiloridi inaiziba njia hiyo. Kiwango cha lithiamu kwenye damu lazima kifuatiliwe, maana dawa yoyote inayochezea sodiamu inaweza kukibadilisha.

Kwa figo inayovujisha protini na miguu kuvimba, plasmini iliyotajwa juu inaifanya amiloridi ionekane chaguo lenye akili. Ushahidi wa kutibu watu bado ni mwembamba. Mimi nisingeitanguliza mbele ya furosemidi.

Presha sugu: mizani iko karibu sawa

Hapa ndipo uchaguzi unakuwa mgumu kwa uzuri. Utafiti wa PATHWAY-2 wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha spironolaktoni inazishinda bisoprololi na doksazosini kama dawa ya nne. Ndio ulioifanya iandikwe na kila mtu. Sehemu iliyofuata ya utafiti huohuo, iliyotoka mwaka 2018, haikupata umaarufu ule: wagonjwa walipewa amiloridi miligramu 10, ikipandishwa hadi 20, na presha ya juu (namba ya kwanza) ikashuka kwa takribani milimita 20 za zebaki, kiasi kilekile cha spironolaktoni. Mwaka 2025 utafiti wa Korea Kusini ukazipambanisha moja kwa moja kwa wagonjwa 118. Presha inayopimwa nyumbani ilishuka kwa milimita 13.6 kwa amiloridi na 14.7 kwa spironolaktoni. Kwa macho ya mgonjwa hiyo ni sare.

Na kwa Waafrika je? Wagonjwa wengi weusi wenye presha huwa na kiwango cha chini cha renini, kimeng'enya cha figo kinachoanzisha mlolongo wa kutoa aldosteroni, na hiyo ni dalili kwamba mwili umeshikilia chumvi. Wengine wana aldosteroni ya kutosha kulielezea hilo, wengine hawana. Watafiti wa London mwaka 1998 walieleza badiliko la T594M kwenye kipande cha beta cha ENaC, lililoonekana zaidi kwa watu weusi wenye presha kuliko wasio nayo, na mwaka 2002 wakaripoti kwamba wenye badiliko hilo wanaitikia amiloridi. Afrika Kusini kuna lingine, R563Q. Sidhani badiliko moja la jeni linaweza kuieleza presha ya bara zima, na yeyote anayesema hivyo anauza kitu.

Lenye manufaa zaidi ni utafiti wa mwaka 2017 uliofanyika kwenye vituo vya Nigeria, Kenya na Afrika Kusini, mdogo, wa watu kama mia moja hivi. Walipima renini na aldosteroni kwanza. Aliyekuwa na renini ya chini na aldosteroni ya juu alielekezwa kwenye dawa ya kuzuia aldosteroni; aliyekuwa na zote chini alielekezwa kwenye amiloridi; mwenye renini ya juu alielekezwa kwenye dawa za ukoo wa losartani. Karibu nusu ya waliotibiwa hivyo walifikia presha iliyotakiwa. Kwa waliotibiwa kimazoea ilikuwa kama mmoja kati ya tisa.

Matiti, potasiamu na Septrin

Spironolaktoni inafanana kimaumbile na homoni za steroidi, ndiyo maana haiishii kwenye kipokezi kimoja. Inazuia pia kipokezi cha testosteroni. Kwenye RALES, kwa miligramu 25 tu, mwanamume 1 kati ya 10 alipata matiti kuvimba au kuuma, na dozi ikiongezeka tatizo linaongezeka. Wanawake wanaweza kuvurugikiwa na hedhi. Mwanamume wa miaka hamsini na kitu hatasema, "Dokta, kifua changu kinakuwa kama cha mwanamke." Atanyamaza, ataacha vidonge, na kliniki ijayo presha itakuwa juu na daktari ataongeza dawa ya tano. Mtoa huduma ndiye aulize, kwa upole na faraghani. Kwa mwanamume ambaye presha ndiyo tatizo lake pekee, hii kwangu inatosha kuanza na amiloridi. Mjamzito haanzishiwi spironolaktoni, kwa hofu ya kuathiri maumbile ya mtoto wa kiume.

Kwa potasiamu, usiamini kwamba moja ni salama kuliko nyingine. RALES ilipotoka, madaktari wa Ontario, Kanada, waliiandika spironolaktoni kwa kasi, na wagonjwa wa moyo waliolazwa kwa potasiamu ya juu wakaongezeka kutoka 2.4 kwa kila 1,000 mwaka 1994 hadi 11 kwa kila 1,000 mwaka 2001. Wale wa kwenye utafiti walipimwa damu mara kwa mara, wa mtaani hawakupimwa.

Kwetu kuna mtego ambao unastahili kuandikwa kwa herufi nyekundu kwenye faili: Septrin. Trimethoprimu iliyomo ndani yake ina umbo linalokaribiana na amiloridi na inaziba tundu lilelile la ENaC. Mgonjwa anayeishi na VVU anayemeza Septrin kila siku kujikinga, akiongezewa amiloridi, anakuwa na vizibo viwili. Akiongezewa spironolaktoni, amri imezuiwa na tundu limezibwa. Kule Ontario, wazee wanaotumia spironolaktoni waliopewa dawa hiyo walikuwa na uwezekano wa kulazwa kwa potasiamu ya juu mara 12 hivi kuliko waliopewa amoksisilini.

Ongeza losartani au enalaprili, ambazo karibu kila mgonjwa huyu anazo tayari. Ongeza diklofenaki ya magoti. Ongeza chumvi mbadala, ile inayouzwa kama chumvi ya wagonjwa wa presha, ambayo ni kloridi ya potasiamu. Na ukiwa Tanga au Mombasa, uliza kuhusu madafu: mtu aliyeambiwa apunguze soda anaweza kuwa anakunywa madafu matatu kwa siku akijua anafanya vizuri.

Kama maabara haina renini

Vituo vingi havipimi renini wala aldosteroni, na kumwambia mgonjwa asubiri hadi zipatikane hakufai. Potasiamu na kreatinini zinapatikana kwa urahisi zaidi. Kwa presha sugu, ningetaka potasiamu isizidi milimoli 4.5 kwa lita na uchujaji wa figo (eGFR) usiwe chini ya mililita 45 kwa dakika kabla ya kuanza yoyote, kisha damu irudiwe baada ya wiki moja, tena baada ya mwezi, halafu kila miezi mitatu. Potasiamu ikifika 5.5 punguza dozi kwa nusu. Ikipita 6 simamisha, na mgonjwa abaki hapo hapo apimwe moyo.

Mwanamke mwenye presha sugu bila maradhi mengine: spironolaktoni miligramu 25, kwa kuwa ndiyo iliyojaa kwenye famasi na bei yake inavumilika. Mwanamume: amiloridi ikipatikana, na kwa kuwa mara nyingi inakuja imeunganishwa na hidroklorothiazidi, miligramu 5 kwa 50, ondoa kwanza thiazidi aliyokuwa akimeza ili zisigeuke mbili. Wenye moyo au ini, spironolaktoni, mwanamume na mwanamke. Aliyekuwa na potasiamu ya chini kabla hajaanza thiazidi yoyote asitulizwe kwa dawa ya nne tu. Huyo ndiye wa kumpa rufaa akapimwe aldosteroni, hata kama ni safari ya siku nzima. Na spironolaktoni ikipewa wiki sita kwa dozi inayofaa, vidonge vimemezwa kweli, potasiamu haijapanda hata kidogo na presha haijasogea, jaribu amiloridi kabla ya kuandika dawa ya tano.